Ukindu una hela, ila hesabu siku zako kwanza

Mabinti mnaosuka ukindu, yale makuti machanga ya mti wa mkindu, huku kwetu Bagamoyo naomba tuongee kidogo, hasa nyie mnaoona ukili, ule mkanda uliosukwa unaoshonwa kuwa kikapu au mkeka, ni kazi ya bibi zetu.

Mimi nimefundishwa na shangazi yangu kule Kaole. Yeye anaweza kukaa barazani toka asubuhi, kachuchumalia chane zake, vile vipande vyembamba vya ukindu, anaongea na kila anayepita njiani na wala haangalii mkono, na ukili unatoka umenyooka, akishamaliza anaupima kwa mikono, pima moja, pima mbili, anauviringisha anaweka pembeni. Siku moja akaja mnunuzi kutoka Dar akachukua vikapu 30, kila kimoja elfu 5, na tukafurahi kweli maana hela tulipewa mkononi. Miezi miwili baadaye niko Dar, nikakiona kikapu chetu dukani kinauzwa elfu 35! Nilikijua kwa ule uzi mwekundu niliokazia mkono wa kikapu mimi mwenyewe. Niliumia jamani.

Niliporudi tukakaa chini na daftari. Kuchuma ukindu, kuanika, kuchana, kuchemsha na rangi, kusuka, kushona, ukizijumlisha ni kama siku 3 kwa kikapu kimoja, toa rangi 800, inabaki 4,200, yaani 1,400 kwa siku. Kibarua wa kupalilia anapata zaidi ya hapo. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ndo huu, andika siku zako, halafu ndo utaje bei, na mnunuzi akikwambia mbona ghali mfungulie daftari aone.

La pili, msiuze kikapu peke yake. Pale mjini tuna TaSUBa, chuo cha sanaa toka 1981, na tamasha lao huleta wageni wengi kila mwaka. Sisi tulikuwa tunapanga bidhaa chini tunasubiri, wageni wanapita tu. Shangazi akachoka kukaa bure akaanza kusuka palepale, watu wakajaa, dada mmoja akaomba afundishwe akalipa na akanunua mkeka juu yake. Mgeni anataka aone mkono unavyokwenda, aambiwe na jina la nakshi, hicho kiwandani hakipo.

Mkopo wa halmashauri upo, ile asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, sajilini kikundi muombe. Ila tafuteni soko kwanza, mkopo bila mteja mtagombana bure.

Na mikindu tuionee huruma, ukichuma kila kuti changa mti unadhoofika, mbakishie. Sisi tumeotesha michache nyuma ya nyumba, bado mifupi, shangazi anaimwagilia maji ya kuoshea vyombo na mbuzi wa jirani akisogea tu anasikia jina lake.