Kabla hujailaumu kingamwili yako ya Kir6.2

Mkuu, umesema umenunua kingamwili ya sungura ya kutambua Kir6.2 (protini inayounda tundu la chaneli ya potasiamu kwenye seli za beta, zile zinazotoa insulini), ikakufikia kutoka Dar barafu ikiwa imeyeyuka. Sampuli zako ni kongosho zima la panya, na kwenye bloti (protini zikitenganishwa kwa ukubwa ndani ya jeli, kisha zikatambuliwa kwa kingamwili) badala ya bendi kwenye kilodaltoni 40 hivi unaona weusi ulioganda juu kabisa ya jeli. Unauliza kama ununue ya kampuni nyingine. Usinunue kwanza.

Nafanya kazi ya maabara hapa Dodoma, na protini za utando wa seli ndizo ninazoshinda nazo. Kila anayeniletea picha ya namna hii namuuliza: sampuli uliipasha moto kiasi gani? Wengi wanafuata utaratibu uleule wa aktini, protini ya kawaida isiyo ya utando, nyuzi 95 kwa dakika tano. Chaneli haivumilii hivyo. Sehemu zake zinazopita ndani ya utando hazipatani na maji. Ukizichemsha zinashikana zenyewe kwa zenyewe na bonge linakwama mlangoni mwa jeli. Iache sampuli kwenye bafa yenye SDS na DTT (kemikali za kuzikunjua protini) kwa nyuzi 37, nusu saa. Pitisha na iliyochemshwa kando yake, ujionee mwenyewe.

La pili ni hilo kongosho. Seli za beta zimo kwenye visiwa vya Langerhans, na visiwa vyote kwa pamoja ni asilimia moja au mbili tu ya kiungo. Kinachobaki karibu chote ni tishu ya vimeng'enya vya kusaga chakula, na vimeng'enya hivyo vinaanza kuila protini yako mara tu unapoponda tishu. Tenga visiwa, au tumia seli za INS-1, seli za maabara zinazotoa insulini. Vizuizi vya protiasi, yaani vimeng'enya vinavyokata protini, viwemo tangu mwanzo, na kazi yote ifanyike juu ya barafu.

Ukishapata bendi, usiiamini bado. Hapa ndipo naomba uwe mkali sana. Kir6.2 ina ndugu yake, Kir6.1, wanafanana kwa karibu asilimia 70, na kingamwili duni itawashika wote wawili. Chukua seli za HEK293 (seli za binadamu za kukuzia maabara) zilizopandikizwa KCNJ11, jeni ya Kir6.2, na zisizopandikizwa, uziweke jirani kwenye jeli moja. Bendi ikitokea pande zote mbili kwa nguvu ileile, hiyo siyo chaneli yako. Kuizuia kingamwili kwa peptidi yake, kile kipande cha protini kilichotumika kuitengeneza, hakutoshi, maana hata protini isiyohusika iliyoshikwa kwa bahati mbaya itapotea vilevile. Na kipande kimoja cha bloti kipe kingamwili ya pili peke yake, ile inayoishika kingamwili ya sungura, uone bendi inazozileta yenyewe.

Kama baadaye utatafuta SUR1, kipokezi ambacho glibenklamaidi, dawa ya kisukari, hukishika, ujue chaneli kamili ina Kir6.2 nne na SUR1 nne. SUR1 ina minyororo ya sukari iliyoshikamana nayo, kwa hiyo bendi mbili kati ya kilodaltoni 140 na 170 ni jambo la kawaida.

Nasisitiza haya kwa sababu chaneli hii inagusa wagonjwa. Mwaka 2004 ilifahamika kwamba mabadiliko kwenye KCNJ11 huleta kisukari cha watoto wachanga, na wengi wao wameacha sindano za insulini wakahamia vidonge vya jamii ya glibenklamaidi. Tukiandika kuhusu protini hii, iwe ndiyo yenyewe.

Kuhusu safari ya kutoka Dar, usiogope sana. Kingamwili iliyofika na barafu imeyeyuka kwa siku moja kwa kawaida bado ni nzima. Kinachoiharibu ni kuganda na kuyeyuka mara kwa mara. Igawe kwenye vichupa vidogo siku hiyohiyo, usitumie friza inayojiyeyusha barafu yenyewe, na vichupa vikae ndani ya boksi lenye vifurushi vya barafu kwa ajili ya siku umeme ukikatika.

Ukirudia, weka hapa picha ya bloti nzima bila kukata kingo, na namba ya bechi iliyo kwenye kichupa. Kingamwili za sungura za polikloni, yaani mchanganyiko wa kingamwili nyingi tofauti, hubadilika kati ya bechi na bechi, na wengine humu wanaweza kuwa na hiyohiyo.