Re: Wanafunzi kujibu kwa video kwenye Google Classroom

Mwalimu, umeuliza kama wanafunzi wanaweza kujibu kwa video ndani ya Google Classroom (darasa la mtandaoni la Google), na kama Flip, ile programu ya wanafunzi kujibu kwa video fupi, bado ipo. Flip ya kujitegemea Microsoft waliifunga 2024, iliyobaki imo ndani ya Teams, programu yao ya mikutano na madarasa. Usihangaike kuitafuta.

Mimi hapa Moshi natengeneza kazi ya kawaida tu. Mwanafunzi anarekodi kwa kamera ya simu, anafungua kazi, anaambatisha video, anawasilisha. Naiona mimi peke yangu, wenzake hawaioni, na hicho ndicho kilichowafungua mdomo wale wenye haya.

Kitakachokusumbua ni bando. Wiki ya kwanza sikuweka kikomo, kijana mmoja wa Kibosho akaniletea dakika tisa za ubora wa juu kabisa, maskini alipakia usiku kucha. Siku hizi ni sekunde 90, na kamera inashushwa hadi 480p, yaani ubora wa chini, kabla ya kurekodi. Asiye na bando anarekodi nyumbani, anapakia akifika penye waifai.

Halafu waambie wakae wakitazama dirisha, wasiligeuzie mgongo. Nilishaletewa sura nyeusi tii kama kivuli, jogoo anawika nyuma, ila maelezo yake ya mbolea ya migomba yalikuwa safi. Nikampa 8 kati ya 10. Jogoo sikumkatia alama.

Na usisahihishe zote siku moja. Video 40 za sekunde 90 ni saa nzima ya kusikiliza tu, hujaandika hata neno.