Kwa mnaoanza kupima popo wa matunda: msiwaze mashine tu

Nyie mnaoingia kwenye hii kazi ya kusaka virusi kwa popo wa matunda, naona wengi akili iko kwenye mashine ya PCR tu (ile ya maabara inayosaka vinasaba vya kirusi), jamani mashine ni mwisho kabisa, kazi inaharibikiaga porini. Kwanza chanjo ya kichaa cha mbwa, uchanjwe kabla hujashika popo hata mmoja, hapo hakuna mjadala. Halafu glovu ya ngozi juu ya ile ya mpira, manake popo akishanasa kwenye neti anang'ata kwelikweli.

Kwenye swabu, kile kijiti chenye pamba cha kuchukulia mate ya popo, msiwe na haraka. Mtu anagusa ulimi mara moja anatoa, majibu yakija hasi anashangaa. Zungusha taratibu ndani ya mashavu hadi pamba ilowe mate, tumbukiza kwenye kichupa, vunja kijiti, andika namba hapohapo (kalamu isiyofutika tafadhali, spiriti inafuta zile za kawaida), kisha moja kwa moja kwenye naitrojeni ya maji, ile ya kugandisha kwa baridi kali. RNA, yaani vinasaba vya kirusi, haina subira, ikikaa kwenye joto inakatikakatika na huko maabara utasoma hasi ya uongo.

Ishu kubwa lakini ni msimu. Chukua Marburg, kirusi cha homa kali inayoua watu, anayekibeba ni popo wa matunda aitwaye Rousettus aegyptiacus, na yeye mwenyewe wala haumwi, kwa hiyo kwa macho huoni kitu. Kule Uganda kwenye pango la Python popo waliokutwa na kirusi walikuwa kama asilimia 2.5 tu, na maambukizi yanapanda watoto wa popo wakifika miezi sita hivi, mara mbili kwa mwaka. Sasa piga hesabu, kwa kiwango hicho ukipima popo 30 karibu nusu ya nafasi unatoka mtupu na kirusi kimo humohumo, kwa hiyo usije ukaandika kwenye ripoti eti pango ni salama. Pima na kingamwili kwenye damu, zinaonyesha walioambukizwa zamani, ila zisome kwa tahadhari, za virusi ndugu huwa zinachanganyana.

Na watu wakiwauliza kwa nini msiwaue tu popo wote, waelezeni ya mgodi wa Kitaka hukohuko Uganda. Wachimbaji waliugua Marburg 2007, baadaye popo wakaangamizwa, wakarudi wenyewe, na 2012 waliporudi kupimwa maambukizi yalikuwa zaidi ya mara mbili ya mwanzo.