Kivumbasi cha kafuri bustanini

SWALI: Ndugu Mhariri, kwetu Marangu, kandokando ya msitu, huota kivumbasi kirefu chenye majani ya kijivujivu na harufu kali ya kafuri. Marehemu bibi alikuwa akikichanganya na mahindi ghalani ili fukusi wasiyatoboe. Nataka kukipanda bustanini, lakini miche niliyoing'oa porini ilikauka, na mbegu nilizozifukia hazikuota. Nifanyeje? Na je, majani yake yanafaa kwa chai kama mnanaa? — Msomaji, Marangu, Kilimanjaro.

JIBU: Ndugu msomaji, kwa maelezo yako yaelekea mmea huo ni ule ambao wataalamu wameuita Ocimum kilimandscharicum, kwa jina la mlima wenu wenyewe. Ni wa ukoo mmoja na mnanaa na mrehani, na utautambua kwa shina la pembe nne na majani yanayoota mawili mawili yakikabiliana.

Nakuomba uache kung'oa ya porini. Mmea uliokomaa ukikatwa mizizi hushika kwa shida, na msitu wenyewe ni wa hifadhi. Chukua badala yake vipandikizi kutoka kichaka kilichoota shambani au kwa jirani: kata ncha za matawi yasiyo na maua, zenye urefu wa sentimita 10 hadi 15, ondoa majani ya chini, kisha uzichomeke katika mchanga uliochanganywa na mboji, mahali penye kivuli, ukihakikisha udongo una unyevu bila kutuamisha maji. Mbegu nazo ni ndogo mno, na chipukizi lake halina nguvu ya kupenya udongo mzito; zinyunyize juu ya kitalu, zifunike kwa mchanga mwembamba tu, na umwagilie kwa manyunyu.

Ijapokuwa tunakiona karibu na msitu, kivumbasi hiki hupenda ukingo wenye mwanga. Kikipandwa chini ya migomba iliyosongamana hurefuka bila matawi na harufu yake hupungua. Acha nafasi ya karibu mita moja kati ya mche na mche, kwa kuwa ni kichaka cha kudumu. Kipogoe kinapoanza kutoa maua ili kichipue upya, lakini bakiza matawi machache yachanue, maana nyuki huyapenda sana.

Wapo waliotutangulia katika kazi hii. Pembezoni mwa msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, wakulima wa kikundi cha Muliru hukilima mashambani badala ya kukikata msituni, hukamua mafuta yake kwa mvuke, na mafuta hayo hutiwa katika dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipata Tuzo ya Ikweta, inayoratibiwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Naona huo ni ushahidi wa kutosha kwamba mmea wa kwetu unastahili kitalu chake.

Bibi yako alikuwa sahihi kuhusu ghala, kwa kuwa mafuta ya majani hayo huwafukuza wadudu wa nafaka. Yaanike kivulini, si juani, ili mafuta yasipotee, na mahindi nayo yawe yamekauka vizuri kabla ya kuhifadhiwa. Majani yakiwekwa juu ya jiko la makaa jioni hupunguza mbu pia, lakini chandarua kiendelee kutumika.

Kuhusu chai, jibu langu ni hapana. Kafuri ikinywewa inaweza kudhuru, hasa kwa watoto wadogo, na mjamzito naye asiinywe. Mtoto mchanga asipakwe mafuta yake wala asifukizwe. Kwa chai panda mnanaa wa kawaida, ukiutenga katika chombo chake, kwa sababu mizizi yake hutambaa na huhitaji maji mengi kuliko kivumbasi.