Barua kwa mwanangu: hilo jina lako la Linnea

Mama, meseji yako nimeiona usiku nikaona hii siyo ya kujibu kwa voisi ya dakika moja, ngoja niandike. Eti dada wa Kiswidi hapo kazini kakuuliza Linnea umelitoa wapi na wewe Mnyamwezi, ukabaki unacheka tu.

Kwanza damu ya Uswidi huna hata tone, usije ukaanza kumwangalia baba yako vibaya, hehe. Mlizaliwa hospitali ya misheni kule Tabora, nesi aliyekesha na mimi alikuwa Mswidi anaitwa hivyohivyo, Linnea, aliyetangulia kutoka nikampa jina lake, basi. Maana wala sikuuliza, alikuja kunieleza mwenyewe siku tunaruhusiwa, mengine nimeyasoma baadaye.

Ni ua la porini huko kwao, dogo, la pinki, linatambaa chini kwenye misitu ya misonobari. Limeitwa hivyo kwa ajili ya Carl Linnaeus, yule mtaalamu wa mimea aliyezaliwa 1707, ndo huyohuyo aliyeupa mgomba jina la Musa paradisiaca na sisi watu Homo sapiens. Alilipenda mno, hadi kwenye picha aliyochorwa 1737 kalishika mkononi. Aliyeliita hivyo ni rafiki yake wa Uholanzi, Gronovius, yeye Linnaeus akaandika kwamba kweli wamefanana, kammea ka chini kasikojaliwa na mtu (mnyenyekevu kihivyo sidhani, lakini haya).

Na Linnaeus lenyewe lilikuwa jipya! Zamani kule walikuwa wanaitwa kwa jina la baba, kama huku tunavyosema binti fulani, baba yake alikuwa Nils Ingemarsson, yaani Nils mtoto wa Ingemar, alipoenda chuo kikuu akatakiwa awe na jina la ukoo, akalitoa kwenye mti mkubwa wa linden uliokuwa shambani kwao. Kwa hiyo jina lako limeanzia kwenye mti, likaenda kwa mtu, likaenda kwa ua, likaenda kwa nesi, ndo likafika Tabora.

Kilichoniliza siku ile ni kwamba kikonyo cha hilo ua ni kimoja ila juu kinagawanyika, kinabeba maua mawili. Nesi ananieleza hivyo kambeba Doto, mimi nimekubeba wewe.

Bibi yako jina lilimshinda palepale, ndo maana hadi leo anakuita Lidia.