Kabla ya Kuwasha Kamera, Jua Filamu Yako Itatazamwa na Nani

Wengi wanaoanza kutengeneza filamu za haki za binadamu huniuliza wanunue kamera gani. Mimi huwauliza kwanza: unataka nani aitazame filamu yako, na akishaitazama afanye nini? Jibu la "watu wote waelimike" halitakusaidia kitu. Jibu la "wajumbe wa kamati ya bunge inayojadili muswada wa ardhi, wasikilize waliohamishwa kabla ya kupiga kura" linakupa kazi ya kufanya. Papo hapo unajua filamu iwe fupi, umhoji nani, itumike lugha gani, na imalizike kabla ya tarehe ipi. Filamu ya wajumbe hao haitafanana na ya wanakijiji wanaotaka kujua haki zao, hata kama picha zote zimepigwa siku moja.

Utaratibu huu ni mkongwe kuliko intaneti. Mwaka 1904 Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza aliyekuwa katika Kongo, iliyokuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, alimpiga picha baba mmoja, Nsala, akiwa ameketi akitazama mkono na mguu wa bintiye wa miaka mitano, aliyeuawa na watu wenye silaha wa kampuni iliyokuwa ikikusanya utomvu wa mpira. Yeye na mumewe walizunguka kumbi za Uingereza na Marekani wakizionyesha picha za ukatili ule ukutani kwa taa ya slaidi, mbele ya raia walioweza kuibana serikali yao. Mwaka huohuo ilitoka ripoti ya balozi mdogo wa Uingereza, Roger Casement, kuhusu ukatili huo, na mwandishi wa habari E. D. Morel alikuwa akiendesha kampeni ya kudai mageuzi. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia Kongo, ikawa chini ya dola ya Ubelgiji. Utawala wa kikoloni uliendelea, lakini himaya ile binafsi ya mfalme ilikwisha. Zingatia kwamba picha ilitembea pamoja na ripoti, na ripoti pamoja na madai yanayoeleweka. Picha bila madai huwaacha watazamaji na uchungu tu, kisha wanaenda zao.

Usidhani pia kwamba kilichoonekana kimethibitika. Tarehe 3 Machi 1991, mkazi mmoja, George Holliday, alirekodi askari polisi wa Los Angeles, Marekani, wakimpiga Rodney King, raia mweusi, na video hiyo ikaoneshwa duniani kote. Mwaka uliofuata askari wanne walifikishwa mahakamani, na jopo la raia waliokuwa waamuzi halikumtia hatiani hata mmoja. Mawakili wa utetezi waliichezesha video ileile polepole, picha moja baada ya nyingine, wakiambatanisha kila pigo na maelezo yao. Mwaka 1993, kwenye kesi nyingine katika mahakama ya shirikisho, yaani ya serikali kuu ya Marekani, wawili kati yao ndipo walipotiwa hatiani. Jifunze hapo: usipoweka muktadha wewe, atauweka mwingine, na huenda akauweka kwa faida yake.

Kwa hiyo unaporekodi tukio, anza na picha pana inayoonyesha mahali, ndipo usogee karibu. Shikilia kila picha angalau sekunde kumi bila kuyumbisha kamera. Rekodi vitu visivyohama: mlima, mnara, kibao cha barabara, maandishi ya ukutani. Hivyo ndivyo mchunguzi aliye mbali atakavyothibitisha kwamba ulikuwa pale unaposema ulikuwa. Kama ni salama, taja kwa sauti tarehe, saa na mahali. Acha sauti ya mazingira iingie. Muziki wa huzuni unaopachikwa baadaye humpa mpinzani sababu ya kusema umetengeneza hisia.

Faili la awali usiliguse. Hariri kwenye nakala. Ukituma video kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, inabanwa, na taarifa zilizofichwa ndani ya faili kuhusu muda na kifaa hupotea, kwa hiyo nakala iliyopita huko haina uzito uleule kwa wachunguzi. Weka nakala sehemu mbili tofauti, zote zikiwa zimefungwa kwa nywila. Na usiufanye mtandao wa kijamii kuwa ghala lako. Mwaka 2017 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati ya kumkamata Mahmoud al-Werfalli, kamanda wa Libya aliyetuhumiwa kwa mauaji, na sehemu kubwa ya ushahidi ilikuwa video zilizosambazwa mitandaoni. Lakini mwaka huohuo mfumo wa YouTube wa kusaka video za itikadi kali uliondoa maelfu ya video za vita vya Syria, zikiwemo zilizopakiwa na watu waliokuwa wakikusanya ushahidi. Ukitaka kuingia kwa undani zaidi kwenye uchunguzi wa aina hii, soma Itifaki ya Berkeley ya mwaka 2020, mwongozo wa kutumia video na taarifa za mtandaoni kama ushahidi, iliyoandaliwa na ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa pamoja na Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

Sasa nije kwenye jambo ninaloliona kubwa kuliko yote: ridhaa ya mtu anayekaa mbele ya kamera yako. Wanaoanza huichukulia kama karatasi ya kusaini. Mtu hawezi kuridhia kitu asichokielewa, na hatakielewa mpaka umwambie nani ataitazama filamu. Hapo swali la mwanzo linarudi na uzito mpya. "Unakubali nikurekodi?" ni swali dogo mno. Mwambie: itaoneshwa kwa kamati; huenda ikawekwa mtandaoni; ikishawekwa mtandaoni sitaweza kuirudisha yote; mwajiri wako anaweza kuiona, mkwe wako anaweza kuiona, na yule aliyekuumiza anaweza kuiona. Kisha nyamaza, umpe nafasi ya kufikiri. Nimeona watu waliokuwa wamekubali haraka wakibadilisha mawazo waliposikia neno "mkwe", na walikuwa na haki. Wengine walikubali kuonekana kwenye kikao cha faragha lakini si mtandaoni. Ridhaa ya namna hiyo ni halali, nawe uiheshimu hata kama ndiyo sehemu yenye nguvu kuliko zote. Kwa mtoto, muulize mzazi au mlezi na umuulize mtoto mwenyewe. Akikataa mmoja wao, acha. Na pale ambapo karatasi yenye jina inaweza kumponza mtu, rekodi ridhaa kwa sauti na uihifadhi mbali na mahojiano.

Kumficha mtu ni kazi ya kufanywa wakati wa kurekodi, maana simu yako inaweza kuchukuliwa kabla hujafika kwenye kompyuta. Muweke dhidi ya mwanga aonekane kivuli tu, au rekodi mikono yake. Ukilazimika kuficha sura baadaye, tumia kizuizi kizima kisichopenyeka. Ukungu mwepesi na vimraba vinaweza kufumbuliwa na programu. Kisha angalia vinavyosahaulika: sare ya shule, kovu, pete, dirisha linaloonyesha mtaa, lafudhi, jina lililotajwa na jirani kwa nyuma.

Kwenye mahojiano, uliza "ikawaje?" badala ya "ulijisikiaje?". Mtu akieleza kilichotokea hatua kwa hatua, hisia zake huja zenyewe pale anapotaka zije. Akilia, punguza kasi na umuulize kama anataka kupumzika. Usisogeze kamera kwenye machozi. Mrekodi pia akifanya jambo: akiandika barua ya malalamiko, akiongoza kikao, akifundisha. Manusura anayeoneshwa akilia tu hugeuzwa mtu wa kuhurumiwa, wakati huenda yeye ndiye anayeongoza madai yenyewe.

Kuhusu mitandao sina mengi. Weka maandishi chini ya picha, kwa sababu wengi hutazama kwenye simu bila sauti. Anza na mtu au tukio, nembo ya shirika ikae mwishoni. Usisambaze klipu ya mtu mwingine kabla hujajua ilirekodiwa wapi na lini. Video ya zamani ikipachikwa kwenye tukio jipya huharibu hata ushahidi wa kweli. Na usitumie picha zilizobuniwa na akili mnemba kuonyesha mateso yaliyotokea kweli, hata ukiandika kwamba ni mfano. Wapo wanaosubiri sababu ya kusema yote ni uongo.

Kabla ya kuitoa filamu, mwonyeshe aliyehojiwa sehemu zake. Mpe namba ya simu itakayopokelewa. Na kwenye bajeti weka fungu la miezi inayofuata: kurudi kwake kumweleza kamati ilisema nini, kufuta matusi kwenye maoni, kuiondoa video kwenye kurasa zako iwapo hali yake ya usalama itabadilika. Mfadhili akikuuliza fungu hilo ni la nini, mweleze bila kusita, na usikubali lipunguzwe.