Tulibishana kuhusu Nabii Isa, sasa hatuongei

SWALI
Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mvulana wa miaka 15, kidato cha pili, Tanga. Kwetu ni Waanglikana. Rafiki yangu wa tangu darasa la nne ni Mwislamu. Tunakaa dawati moja na kurudi nyumbani njia moja. Mwezi uliopita alinionyesha, kwenye simu ya kaka yake, mhadhara unaosema Biblia yenyewe inakataa kwamba Yesu ni Mungu. Nami nikatafuta mahubiri ya mchungaji anayewajibu Waislamu, nikayarusha kwenye grupu la darasa. Kesho yake tukabishana mbele ya wenzetu, wakashangilia kama wako mpirani. Tangu siku hiyo hatuongei. Mama anasema bora nitafute marafiki wa kanisani. Nifanye nini?

JIBU
Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali mlipobishana nyinyi wawili, sikupaona. Waliobishana ni yule mhadhiri na yule mchungaji. Nyinyi mlikuwa wabeba spika.

Mihadhara hiyo naijua. Miaka ya themanini ilikuwa viwanjani, vipaza sauti juu ya meza, na umati ukishangilia vilevile. Mhadhiri huuliza swali ambalo jibu lake analo mfukoni. Huo ni mtego, si swali, na rafiki hategwi.

Wala sisi walimu tusijitoe. Mwaka mmoja, katika shule nitakayoiacha bila jina, niliruhusu mdahalo wa dini Jumamosi jioni, nikajidai mwenyekiti. Nusu saa haikwisha, mabenchi yakaanza kuruka. Mkuu wa shule aliniuliza jambo moja tu: nilitaka nani ashinde? Mpaka nimestaafu sijapata jibu.

Na ubishi wa watoto haubaki kwa watoto. Oktoba 2012, Mbagala jijini Dar es Salaam, wavulana wawili walibishana kama anayeidharau Kurani hupatwa na jambo papo hapo. Mmoja akaunajisi msahafu ili ajaribu. Yaliyofuata ni ghasia, na makanisa yakachomwa moto.

Tatizo lenu naliona kwenye ratiba. Hesabu mnasoma pamoja, Kiswahili pamoja, ila kikifika kipindi cha dini darasa linagawanyika, hawa kwa shehe, hawa kwa padre. Kwa hiyo kila mmoja humsikia mwenzake akielezwa asipokuwepo. Sisemi kipindi kifutwe. Nasema mna njia nzima ya kurudi nyumbani, na humo hakuna shehe wala padre.

Anza wewe. Mwahi asubuhi kabla hamjaenda mstarini, akiwa peke yake, umwambie: ile video niliirusha kwa hasira, nisamehe. Ukomee hapo. Usiongeze “lakini na wewe”, maana hiyo “lakini” itawarudisha uwanjani. Unaomba radhi kwa kumwaibisha. Imani yako haimo humo, ibaki ilipo.

Halafu muulize mambo ambayo kweli huyajui. Mwaka huu wa 2026 Jumatano ya Majivu ilikuwa Februari 18, na mwezi wa Ramadhani ukaandama wiki hiyo hiyo. Mmefunga pamoja, kila mtu kimya kwake! Muulize saa nane mchana, jua la Tanga likiwa utosini, anaivumiliaje kiu. Naye mweleze wewe umejinyima nini Kwaresima hii, na kama umeshadokoa, sema kweli.

Mkizoeana tena, mwombe akusimulie Sura ya Maryam, ya 19 katika Kurani: uchungu ulipomshika Mariamu akaliendea shina la mtende, akaambiwa alitikise zimwangukie tende. Wewe msimulie ya Luka 2, hori la ng'ombe na wachungaji usiku. Mama ni mmoja, na kila mmoja atasikia asichokuwa nacho. Mbele kidogo mtagota: yeye atasema Nabii, wewe utasema Mwana wa Mungu. Msikimbilie simu. Hilo lina zaidi ya miaka 1,300 likijadiliwa na wenye vilemba na wenye kanzu za altareni, halimalizwi na kidato cha pili.

Mama usibishane naye (naona umeanza kuupenda ubishi). Mwalike tu huyo kijana nyumbani, mama amwone akila ugali wenu. Kijana akiuliza kuku kachinjwa na nani, mama asikasirike. Ni swali la kawaida. Mimi ni Mbondei wa Muheza. Kwetu ukoo mmoja una shemasi na hajati, na kuku wa Krismasi huchinjwa na mjomba Mwislamu ili pasiwe na wa kukaa pembeni. Hatukukaa kikao kuamua hivyo.

Naye akikualika futari, fika kabla ya adhana ya magharibi. Ukichelewa utakuta uji umepoa na mihogo imebaki vipande viwili. Wataanza kwa kukupa tende, na hapo ndipo pazuri pa kumuuliza ule mtende.